Vidole Vinne na Nusu

Kama kuna mtu aliyewahi kujitengenezea ushahidi kwa mikono yake mwenyewe, akaupiga pasi, kisha akavaa koti kwenda kuutazama mbele ya kadamnasi, basi mtu huyo ni Fundi Taulo.

Jina hilo alipewa na wateja. Taulo halikumtoka begani, iwe mvua liwe jua. Kabla hajampima mtu alifuta viganja, akimaliza alifuta tena, na watu wakaona ndiyo madaha ya mafundi wa zamani. "Yule ni msafi," walisema. "Hagusi kitambaa mpaka afute mikono." Naye aliwaacha waseme, maana sifa ya bure nani huirudisha? Ukweli ni kwamba viganja vyake vilitoka jasho kama mtungi mpya. Si jasho la joto wala la kazi. Alitoka jasho asubuhi ya baridi, alitoka jasho chini ya feni, alitoka jasho mtu akimwambia tu, "Lete mkono, ndugu yangu." Hata ile ncha ya kidole chake cha shahada cha kulia, iliyokwenda na mashine ya kukatia vitambaa enzi za kiwandani, ilikwenda kwa sababu kiganja kilicholowa kiliteleza. Watu aliwaambia mashine ilikuwa mbovu. Mashine haikuwepo kujitetea.

Dawa yake kubwa ilikuwa poda ya watoto. Kopo lilikaa kwenye droo chini ya uzi, na kila mteja alipoingia, mkono ulizama humo kama wa mwoka mikate. Mkewe, ambaye wateja walimwita Mama Vifungo kwa kuwa kazi yake dukani ilikuwa kushona vifungo na kupiga pindo, alijua habari za poda. Aliambiwa ni ya kulainisha satini. Akaamini, kwa sababu fundi ndiye mwenye satini.

Siku ya mashindano ya kwaya, Fundi Taulo na mkewe walikaa safu ya tatu. Kwaya zilikuwa nyingi lakini yeye alikuja kwa ajili ya moja, ile ambayo wanakwaya wake walivaa sare zilizopauka mpaka zikawa rangi ya chai iliyozidi maziwa. Mwalimu wao peke yake ndiye aliyekuwa na gauni jipya, buluu iliyoiva, limetoka kwenye cherehani mchana huo huo. Lilikuwa mfano. Kamati ikilipenda, Fundi angeshona sare za kwaya nzima, na cherehani isingelala mpaka mwisho wa mwaka.

Sasa, kuna jambo moja kuhusu mwalimu wa kwaya ambalo fundi mwenye akili angelifikiria mapema. Mwalimu wa kwaya hatazamani na watu. Anainama mara moja, anapigiwa makofi, anageuka, na kuanzia hapo ukumbi mzima unatazama mgongo wake.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Fundi hakuusikia. Alikuwa anatazama mshono.

"Umeona kiuno kilivyokaa?" akamnong'oneza mkewe.

"Nimeona," akasema mkewe.

"Mchana kilikuwa kinapwaya. Nimekibana mwenyewe, dakika za mwisho."

"Vizuri."

Maneno hayo angeyalipia baadaye, lakini wakati ule yalimtoka kwa raha kabisa. Wimbo wa pili ulipoanza, taa za jukwaani zikiwa zimepata moto, aliona doa jeupe chini ya mshono. Akadhani ni taa. Akafikicha macho. Doa likatoa kidole gumba. Kikafuata cha mwisho, cha pete, cha kati, kimoja kimoja, kama watu wanaoitwa majina. Cha shahada kilitokea mwisho na kikaishia katikati. Ubeti wa tatu ulipofika, mkono wote ulikuwa umejaa kwenye gauni la Mwalimu, mweupe pe, vidole vimepanuka, pale pale kiuno kinapoisha na mambo mengine yanapoanza.

Fundi alielewa mara moja. Mchana ule Mwalimu alikuja mbiombio, gari linamngoja nje. Naye kwa haraka na wasiwasi akajipaka poda mara tatu, na jasho likaigeuza uji. Alipomaliza kubana kiuno na Mwalimu akalivaa gauni, akafanya anachofanya fundi yeyote aliyeridhika na kazi yake: akaulaza mshono kwa kiganja. Kwa fundi mshono ni mshono. Kama ndani yake kuna mke wa mtu, hilo ni la baadaye. Poda iliyolowa haionekani kwenye buluu iliyoiva. Inangoja ikauke.

Watu walianza kucheka chini chini, kisha juu juu. Wanakwaya, wasiojua la kusini wala la kaskazini, walidhani wimbo umewaingia watu, wakaongeza sauti. Mwalimu naye akadhani hivyo hivyo, akarudia kiitikio mara mbili, akiyumba kulia na kushoto kwa furaha, na mkono ukiyumba naye. Safu ya mbele kabisa, mumewe, mwenye bucha kubwa ya mtaani, alikuwa amesimama wima.

Mama Vifungo aliutazama mkono wa jukwaani. Kisha akautazama mkono wa mumewe uliokuwa umejifunga ndani ya taulo mapajani. Hesabu yenyewe haikuhitaji kalamu.

Kwenye korido ya ukumbi watu walikuwa wamejipanga pembeni kama wanaosubiri msafara. Mwalimu alikuwa ameegemeza mgongo ukutani, hataki kugeuka. Mwenye Bucha alimngoja Fundi mlangoni.

"Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri, mzee."

"Nionyeshe mkono."

Mkono ulikwishazama mfukoni wenyewe, maana ulikuwa na mazoea. Fundi akajikohoza. "Ni chaki, mzee wangu. Chaki ya kuchorea nguo. Ndiyo kazi yetu."

"Chaki inachora mstari. Hii ina vidole."

"Kuna wakati..."

"Tena vinne na nusu. Mji mzima huu nusu ninayo mimi?" Akamgeukia mkewe. "Mama, hebu geuka kidogo." Mwalimu akageuka kwa hasira, na Mwenye Bucha, mtu mzima mwenye tumbo lake, akainama mbele ya watu akanusa. Akasimama polepole. "Chaki yako inanukia mtoto mchanga, Fundi."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anapiga chafya.

"Fundi, si useme," Mwalimu akasema. "Ulikuwa unaulaza mshono, mikono ina poda. Sema, yaishe, twende nyumbani."

Amefunguliwa njia, pana, imenyooka, hakuna hata jiwe la kujikwaa. Alichotakiwa ni kusema ndiyo. Lakini Fundi Taulo alilijua swali ambalo lingefuata: poda ya nini mikononi? Na hilo alikuwa amelikimbia tangu anasoma, tangu madaftari yake yalipokuwa yanarudishwa kwa kujikunja na wino kuchuruzika. Akatazama huku na huku. Akaona vijana wawili wakimtazama kwa jicho ambalo hajawahi kutazamwa nalo maishani, jicho la heshima fulani ya kijinga, kama vile wanajiambia, kumbe mzee naye yumo. Na hapa ndipo aibu yake ilipozidi akili yake. Akaliweka koti sawa.

"Mambo mengine," akasema, "si ya kuzungumza ukumbini."

"Mambo gani?" Mwalimu akauliza. "Mimi na wewe tuna mambo gani, Fundi?"

Fundi alipogeuka kumtafuta mkewe, alimwona mgongo tu, anatoka mlango wa nje, na hakuwa anaharakisha.

"Jumatatu nitakuja dukani," akasema Mwenye Bucha, kwa upole uliotisha kuliko kelele. "Usiogope, sitakuja na kisu. Nitakuja na mke wangu. Kama utakuwa huna maneno mengine, sare utamshonea shetani."

Asubuhi yake Mama Vifungo aliweka chai mezani, kikombe kimoja, akakaa ng'ambo ya meza.

"Nakuuliza mara moja tu. Mambo gani yasiyozungumzwa ukumbini?"

"Hakuna mambo, mama watoto. Niliropoka."

"Mtu huropoka kilichomo."

"Hakimo kitu. Nakuapia."

Akamtazama kwa muda. Hakuwa analia, na Fundi aliona heri angelia, kwa sababu kilio angekipa taulo.

"Ule mkono naujua," mkewe akasema. "Nimeuona jana umetulia kwenye kiuno cha mtu, vidole vimepanuka raha mustarehe. Mimi mkono huo siujui. Tangu tuoane, tukitembea uko mfukoni. Tukivuka barabara unanisukuma kwa kiwiko, kama mbuzi. Siku tuliyomzika mama yangu nilikunyoshea mkono, ukanipa taulo. Nikasema, haya, ndivyo alivyoumbwa. Mtu akiumbwa baridi utamlaumu? Kumbe hukuumbwa hivyo. Una mikono, ila ina wenyewe."

Fundi alifungua kinywa. Neno lenyewe lilikuwa fupi, natoka jasho, halizidi pumzi moja. Chini ya meza viganja vilikuwa vinadondosha. Akasema, "Mimi si mtu wa kushikanashikana, mama watoto. Unanijua."

"Nimeona," akasema mkewe.

Akanyanyuka, akachukua kikombe cha mumewe kabla hajakinywa. "Jumatatu nitakuwepo. Nitakaa kwenye kiti changu nisikilize. Ukiwaambia hilo hilo la kwamba hushikanishikani, nakwenda kwa dada yangu, na vifungo utashona mwenyewe."

Siku hiyo ilikuwa ndefu. Alijaribu limau, ambalo aliwahi kulijaribu. Alijaribu shabu ya kinyozi, ambayo pia aliwahi kuijaribu. Aliloweka mikono kwenye maji ya majani ya chai mpaka ikawa rangi ya viatu, ikatoka jasho la rangi ya viatu. Akaenda mbele ya kioo ajizoeze kusema. "Mzee wangu, mimi natoka jasho." Akaiona sura yake kwenye kioo ikimhurumia, na hakuipenda. Alijaribu kwa sauti nzito zaidi. Ilikuwa vile vile, jasho la mtu mwenye sauti nzito.

Jumatatu Mama Vifungo aliwahi kufika dukani. Alikaa kwenye kiti chake pembeni ya dirisha akashona vifungo vya shati la mtu, na miguuni pake palikuwa na mkoba wa safari uliojaa. Fundi aliuona, akajifanya hauoni, akajikwaa juu yake mara mbili.

Mwenye Bucha aliingia na gauni limekunjwa kwapani, Mwalimu nyuma yake. Gauni likawekwa mezani, mkono juu.

"Tumekuja," Mwenye Bucha akasema.

"Karibuni. Karibuni viti."

"Tuko sawa hivi hivi. Sema."

Fundi Taulo alilitoa taulo begani. Hotuba yote ya kwenye kioo ilikuwa imeyeyuka. Akavuta karatasi ya kukatia vipande, ile ya kaki, akaitandaza juu ya meza. Kisha akafuta kiganja cha kulia mbele yao, akafuta tena katikati ya vidole, akakinyosha chini ya taa.

"Tazameni," akasema. "Msiseme kitu. Tazameni tu."

Wakatazama. Kwa muda hapakuwa na kitu ila kiganja cha mtu mzima, chekundu kwa kusuguliwa. Kisha kikaanza kung'aa. Vitone vikatokeza kwenye mistari, vidogo kama vichwa vya pini, vikakua, vikashikana, kimoja kikateremka mpaka kwenye kifundo. Mwenye Bucha alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Fundi akakikandamiza kiganja kwenye karatasi, akakiinua. Mkono wa maji, vidole vinne na nusu.

"Huu ni bila poda," akasema. "Ndiyo maana ya poda. Ndiyo maana ya taulo. Ndiyo maana ya mfuko." Akamgeukia mkewe. "Ndiyo maana ya kiwiko."

Sindano ya Mama Vifungo ilisimama katikati ya kifungo.

"Hiyo ndiyo siri?" Mwenye Bucha akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Jasho."

"Jasho."

"Ukaona heri mimi nikudhanie mwizi wa mke wangu?"

"Kwa dakika moja tu, mzee."

"Dakika moja."

"Labda mbili."

Mwenye Bucha aliitazama karatasi, akamtazama mtu, na tumbo lake likaanza kutikisika kabla ya uso kupata habari. Lakini Mwalimu hakucheka. Alikuwa na hasira yake na alikuja nayo kutoka nyumbani.

"Wewe umepona," akamwambia. "Mimi jana nimetazamwa sokoni kama nyama. Ulikuwa radhi kuniuza mimi mbele ya watu, niliyekuja kwako na heshima zangu, kwa sababu ya viganja vyako."

"Nimekukosea, Mwalimu. Nimekukosea sana. Sikuwaza jina lako, niliwaza langu peke yake. Popote utakapotaka nilisafishe, nitakwenda, hata juu ya jukwaa, na taulo langu."

"Utakwenda. Mbele ya kwaya nzima." Akavuta pumzi. "Na tena wa kuona haya ni wewe? Kwangu mimi? Nani aliyenishonea vile vitambaa vya kunyonya jasho kwapani?"

Fundi akatazama chini. Hilo lilikuwa neno la ndani ya pazia la kupimia, na alilofundishwa ujana wake ni kwamba la kwenye pazia halitoki.

"Kwapani?" Mwenye Bucha akasema. "Vitambaa gani?"

"Nyamaza kidogo, baba," Mwalimu akamwambia. "Fundi, siku ile nilikuomba huku nataka kulia. Ulinijibuje?"

"Nilisema ni kawaida."

"Umewashonea wangapi mji huu?"

Fundi alihesabu kimoyomoyo. Meneja wa benki. Mwalimu mkuu. Mabwana harusi karibu wote. Mchungaji na mkewe, kila mmoja kwa siri ya mwenzake.

"Wengi," akasema.

"Wote hao ni kawaida. Wewe ndiye wa ajabu." Akalichukua gauni. "Nilikwenda hospitali, kwa daktari wa ngozi. Kuna dawa. Nenda, uache kutupaka uji migongoni."

"Na mimi nilikuwa nadhani ni mtindo wa mabega," Mwenye Bucha akasema polepole.

Walipotoka, Mama Vifungo alikata uzi kwa meno, akalikunja shati la mtu, akainama akachukua mkoba wake. Kwa hiyo haikutosha, Fundi akawaza. Amejivua nguo mbele ya Mwenye Bucha na bado haikutosha.

"Twende," mkewe akasema.

"Wapi?"

"Hospitali. Hilo la jasho nataka kulisikia kwa mtu asiye na cherehani."

Daktari wa ngozi alikuwa mama mwenye miwani, na kosa lake la kwanza lilikuwa kunyosha mkono. Fundi akatafuta taulo. Daktari hakuurudisha mkono. Aliungoja hewani mpaka Fundi akatoa wake, umelowa chapachapa, na alipoushika hakuuachia. Aliugeuza, akatazama kiganja, akaona na ile nusu, akauliza, akaambiwa. Safari hii mashine haikusingiziwa.

Akamwuliza imeanza lini. Tangu utotoni. Mikono yote miwili? Yote, na nyayo. Kuna mwingine katika ukoo? Fundi akafikiri. Marehemu baba yake alikuwa akiendesha baiskeli na glavu, joto lote lile, na wao watoto walidhani ni maringo. Anakonda bila sababu? Moyo unamwenda mbio? Homa? Hapana, hapana, hapana.

"Na ukiwa usingizini," Daktari akasema, "mikono inatoka jasho?"

"Sijui, Daktari. Ninakuwa nimelala."

"Fikiri vizuri, maana swali hili ni kubwa. Jasho la namna yako mara nyingi hupumzika mtu akilala. Likiwa linatoka hata usingizini, inabidi tutafute ugonjwa mwingine nyuma yake." Akamtazama. "Kuna mtu anayejua?"

Fundi alikuwa anajua upana wa mabega ya mji mzima, lakini mikono yake mwenyewe saa hizo hakuwahi kuiona.

"Inakauka," Mama Vifungo akasema.

Alikuwa anautazama mkoba uliokuwa mapajani mwake, anaichezea zipu.

"Akishapitiwa na usingizi tu, inakauka. Inakuwa mikavu, ina joto, kama nguo iliyotoka kwenye pasi."

"Una hakika, mama?"

"Naishika kila siku, Daktari. Akishalala. Mchana haitaki."

Daktari aliandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyotaka, na hakuinua uso. Miaka yote hiyo Fundi Taulo amekuwa akiificha mikono kutwa nzima, halafu anakwenda kulala na kuiacha wazi juu ya shuka, na mtu anaichukua. Aliona haya kuliko alivyoona ukumbini, na aliona furaha ambayo hakuwa na haki nayo, vyote kwa pamoja.

"Basi," Daktari akasema hatimaye. "Huu si woga, wala uchafu, wala dhamira mbaya, ingawa najua watu husema. Mishipa ya fahamu inaziamuru tezi za jasho kufanya kazi kuliko inavyohitajika. Na ukiona haya zinafanya zaidi, ndiyo unaona haya zaidi. Nitapima damu, tuhakikishe tezi ya shingoni na sukari viko sawa. Halafu tutaanza na dawa ya kupaka. Unapaka wakati wa kulala, mikono ikiwa mikavu kabisa, asubuhi unanawa. Ukipaka juu ya jasho itakuwasha na haitafanya kazi."

"Na poda?"

"Poda juu ya jasho ni uji."

"Hilo nimelishuhudia, Daktari. Na wenzangu ukumbi mzima."

"Dawa ikishindwa, kuna chombo unaweka mikono kwenye maji, na umeme mdogo sana unapita."

"Umeme kwenye maji?"

"Mdogo sana. Kuna vidonge pia, vinakausha na kinywa. Kuna sindano. Upasuaji upo, lakini ni wa mwisho kabisa, kwa sababu jasho laweza kuhama mikono likahamia mgongoni."

"Nitapona?"

"Sikuahidi kupona. Utapata nafuu, na utajua namna ya kuishi nalo. Kuna siku litatoka tu." Akamgeukia Mama Vifungo. "Ila dawa ipakwe mikono ikiwa mikavu. Nadhani wewe ndiye unayejua saa yake."

Nje ya geti la hospitali mtaa ulikuwa umechangamka, maduka yako wazi pande zote. Fundi alizamisha mikono mfukoni kama ilivyo ada. Mkewe akasimama.

"Taulo liko wapi?"

Akajipapasa bega. "Limebaki kwenye kiti cha Daktari. Ngoja nilifuate."

"Liache."

Akampa mkoba wa safari aubebe. Kisha akamgeuzia mgongo. Alikuwa amevaa gauni la pamba, kijani iliyoiva, kitambaa kinachoonyesha hata tone moja. Alilishona Fundi mwenyewe.

"Weka mkono."

"Wapi?"

"Pale pale ulipomwekea Mwalimu."

"Mama watoto, watu wanaona."

"Na kule ukumbini walikuwa wamefumba macho?"

Akautoa mkono. Haukuwahi kulowa namna ile tangu azaliwe, na hapakuwa na poda, taulo wala chaki ya kusingizia. Akauweka, kiganja wazi, pale kiuno kinapoisha. Kwa mazoea akaanza kuusugua kwenda chini.

"Usilaze mshono," mkewe akasema. "Shika."

Akashika. Alisikia joto lake kupitia kitambaa, na kitambaa kikinywa. Muuza vitabu wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameacha kuuza vitabu.

Alipouinua, ulikuwepo: mkono wa maji, gumba limeelekea uti wa mgongo, cha shahada kimeishia katikati.

"Vimetokea?" mkewe akauliza bila kugeuka.

"Vimetokea."

"Vyote?"

"Vinne na nusu."

Mama Vifungo akaliweka gauni sawa mabegani, akatangulia. Alipita mbele ya maduka, akapita mbele ya bucha, kichwa juu, mgongo wake kwa mtaa mzima, na hakuwa anaharakisha. Fundi Taulo alimfuata nyuma na mkoba, mikono ikichuruzika, akiutazama ushahidi wake. Jua lilikuwa kali, na kila ulipoanza kukauka, mkewe alisimama akamngoja.